Tobo limezibwa, nyoka bado yumo ndani

Na Mwandishi Maalumu, Rusumo

NILIKUWA nikifagia mbele ya duka langu, asubuhi moja ya Juni 2019, nilipomwona mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akija kutoka upande wa daraja. Hakuwa na mzigo wala haraka. Mfanyabiashara wa Rusumo hatembei hivyo saa mbili asubuhi, malori ya Dar es Salaam yakiwa yamepanga foleni.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hebu weka ufagio chini. Nifungulie barua pepe yangu, halafu uisome wewe mwenyewe."

Barua ilionekana kutoka kwa tajiri wake wa mchele wa Kahama, ambaye wamefanya biashara pamoja zaidi ya miaka sita. Ilikuwa na ankara, idadi ya magunia, hata salamu kwa watoto. Ilisema akaunti ya zamani imesimamishwa kwa ajili ya ukaguzi wa hesabu, hivyo arubuni ipelekwe kwenye akaunti mpya. Mama alikuwa ameshatuma faranga 900,000 siku nne kabla. Jana yake alimpigia simu tajiri kumwuliza lori litafika lini, akajibiwa: "Dada, mimi nasubiri fedha yako."

Tuliitazama ile anwani herufi kwa herufi. Ilitofautiana na ya kweli kwa herufi moja tu. Tuliandikisha shauri siku hiyo hiyo, lakini fedha ilikuwa imeshatolewa kwenye akaunti ile saa chache baada ya kuingia.

Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Mwanangu, barua zangu nazifungulia hapa kwako tu. Huyu mtu amezisomea wapi?"

Jibu la swali hilo lilinichukua karibu miezi miwili. Naliandika hapa kwa kuwa maduka kama langu ni mengi kwenye mipaka yetu, na kwa kuwa kosa nililolifanya, la kudhani kwamba kuziba tobo ndiyo mwisho wa kazi, nimelikuta likifanywa na watu wengi, wakiwamo wataalamu wa nchi kubwa.

Ofisa wa mpakani aliyenunuliwa

Mimi ni mmoja wa waliorudi kutoka Karagwe mwaka 2013. Nilirudi na cherehani moja na akiba ndogo. Cherehani niliiuza, nikanunua kompyuta ya kwanza. Kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa mwaka 2016 na wafanyabiashara wakaanza kuhitaji nakala na ankara kila siku, nilikuwa nimefikisha kompyuta nne, mashine ya kurudufu na printa. Juu ya kabati ilikaa ruta, kisanduku cheusi chenye antena mbili. Mke wangu aliifunika kwa kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeigusa ila kuizima na kuiwasha intaneti ilipokwama.

Ndugu msomaji, kwa sisi tuliorudi, barua pepe ni zaidi ya salamu. Wengi wetu karatasi zilipotea njiani. Ukipata nakala ya cheti cha shule, cha kuzaliwa au cha ndoa kutoka kwa ndugu aliyebaki ng'ambo, anakipiga picha na kukutumia, nawe unakiacha humo humo. Sanduku la barua pepe limekuwa kabati la vyeti vya ukoo. Anayepata neno lako la siri hapati barua tu, anapata hata jina la baba yako na tarehe yako ya kuzaliwa.

Ruta inafanya nini hasa? Msafiri wa Rusumo ataelewa haraka nikisema kwamba ni kama ofisa wa mpakani. Kila kinachotoka kwenye kompyuta au simu yako kwenda duniani, na kila kinachorudi, lazima kipite mbele yake. Ofisa mwaminifu anakupitisha bila wewe kumkumbuka. Ofisa huyo akinunuliwa, hata ukiwa na pasi halali na mzigo uliolipiwa ushuru, safari yako imo mikononi mwa aliyemnunua.

Ruta pia ina kazi ya kuulizia njia. Unapoandika jina la ukurasa unaoutaka, kompyuta haijui ukurasa huo unakaa wapi. Inaiuliza ruta, nayo inauliza kwenye daftari kubwa la anwani lililo mbali, ambalo wataalamu huliita DNS. Ni kama mgeni anayeshuka kwenye basi na kuuliza, "Ofisi ya forodha iko wapi?" Mwizi aliyeingia kwenye ruta yangu hakuiba kompyuta wala hakukata nyaya. Alibadilisha tarakimu chache tu, ili ruta isiulize tena kwenye daftari la kweli bali kwenye lake. Kuanzia hapo, baadhi ya wateja wangu walielekezwa kwenye ofisi ya bandia, yenye rangi ile ile na kibao kile kile. Waliandika jina na neno la siri, wakaambiwa wamekosea wajaribu tena, kisha wakapelekwa kwenye ofisi ya kweli. Wao walidhani vidole viliteleza.

Hapa panahitaji maelezo, maana msomaji anayejua mambo haya atauliza: je, kompyuta haikuonya? Ilionya. Kurasa za barua pepe hutumia cheti cha utambulisho, na kivinjari kikikuta cheti kisicholingana na jina la ukurasa hutoa onyo kubwa. Lakini kompyuta zangu zilikuwa za zamani, na mbili kati yake zilikuwa zimekufa ile betri ndogo ya duara inayotunza saa. Kila asubuhi zikiwaka ziliamini kwamba ni mwaka ambao umeshapita, zikakataa vyeti vyote kwa kuona tarehe hazilingani. Maonyo yalikuwa ya kila siku. Vivinjari vyenyewe vilikuwa vya zamani, vya kukuruhusu kupita ukilazimisha.

Nani aliwafundisha wateja kulazimisha? Ni mimi. "Hiyo si neno mama, bonyeza endelea." Nimeyasema maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa sababu ya betri ambayo bei yake haifiki soda mbili.

Dakika 20 za fundi wa kwanza

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mwerevu kutoka Kigali. Alifungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, akaniuliza jina na neno la siri la kuingilia. Sikulijua. Akajaribu lile la kiwandani, ambalo limeandikwa chini ya ruta na katika kila kitabu cha maelekezo duniani. Mlango ukafunguka.

"Kaka, hili hukulibadilisha tangu siku ya kwanza?"

"Sikujua kama linabadilishwa."

Alinionyesha mambo matatu. Kwanza, mlango wa kuisimamia ruta kutoka nje, yaani kutoka popote duniani, ulikuwa wazi. Pili, programu iliyomo ndani ya ruta ilikuwa ya mwaka 2015, na tangu hapo kiwanda kilikuwa kimetoa marekebisho kadhaa, mojawapo la kuziba tobo lililomwezesha mtu kuingia hata bila neno la siri. Tatu, zile tarakimu za daftari la anwani hazikuwa za kampuni inayoniuzia intaneti.

Akapakua programu mpya, akaiingiza, akarudisha tarakimu sahihi. Zilimtosha dakika 20. Nilimlipa, akapanda basi akaenda zake. Kabla hajaondoka alinipa ushauri mmoja ambao namshukuru hadi leo: aliandika tarakimu sahihi kwenye karatasi, akaniambia niibandike ukutani na kuzilinganisha mara kwa mara.

Nilimwambia yule mama kwamba tobo limezibwa. Niliwaambia na wengine. Wiki tatu baadaye, jioni moja, dereva wa lori alilalamika kwamba ukurasa wa barua pepe umemkataa mara ya kwanza na kumkubali mara ya pili. Nilifungua mipangilio, nikaitazama karatasi ya ukutani. Tarakimu zilikuwa zimebadilika tena.

Sitasahau jinsi nilivyojisikia. Mara ya kwanza nilikuwa mjinga, na ujinga una msamaha wake. Mara hii nilikuwa nimewapa watu neno langu.

Swali la mzee

Fundi wa pili alikuwa mzee mstaafu aliyefanya kazi ya simu za mezani kwa miaka mingi. Nilimfuata Kibungo. Alipofika hakugusa kompyuta. Aliketi, akaomba chai, akaniuliza:

"Kijana, neno la siri la ruta ulilibadilisha?"

"Programu imesasishwa yote, mzee."

"Sikuuliza hilo."

Halikuwa limebadilishwa. Fundi wa kwanza aliziba tobo la ukutani, lakini mwizi alikuwa na ufunguo wa mlango, na kufuli ilikuwa ile ile. Zaidi ya hapo, mzee alikuta mtumiaji wa pili amesajiliwa ndani ya ruta kwa jina linalofanana na majina ya mfumo wenyewe, pamoja na amri ya saa: kila usiku ruta ilikuwa ikienda mahali fulani kuchukua maagizo mapya. Hata neno la siri lingebadilishwa peke yake, huyo wa pili angebaki na lake. Na mlango wa nje, kumbe, ulikuwa bado wazi.

"Wahenga walituachia methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema huku akitafuta pini. "Lakini ukishaziba ufa nyoka akiwa ndani, umemfungia na watoto wako."

Akachomoa waya wa intaneti, akachomeka pini kwenye kitundu cha nyuma, akakibonyeza kwa sekunde kumi hivi hadi taa zote zikazimika na kuwaka upya. Ruta ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Ndipo akaanza kuipanga upya mwenyewe, hatua kwa hatua. Hakurudisha mipangilio ya zamani iliyokuwa imehifadhiwa, kwa sababu, alisema, ukirudisha godoro la zamani unarudisha na kunguni wake.

Hakuna hakimu anayeweza kuapa kwamba neno la siri la yule mama liliibiwa kwenye ruta yangu na si mahali pengine. Lakini alikuwa akifungulia kwangu tu, na ruta yangu ilikuwa ikiwapeleka watu kwenye ukurasa wa bandia. Kwangu mimi hayo yalitosha.

Kosa langu si langu peke yangu

Baada ya hapo nilianza kusoma habari hizi, na nilikuta kwamba kisa changu kilishatokea kwa kipimo kikubwa zaidi.

Katika nchi ya Latvia iko kampuni iitwayo MikroTik, ambayo ruta zake zinatumika sana Afrika Mashariki, hasa kwa wauzaji wadogo wa intaneti. Aprili 2018 iligundulika kwamba katika programu yake kulikuwa na tobo: mtu aliye mbali aliweza kuchukua faili la watumiaji kutoka kwenye ruta bila kuulizwa chochote, kisha akasoma maneno ya siri yaliyomo. Kampuni ilitoa marekebisho haraka sana. Kwa upande wa kiwanda, kazi ilikuwa imekwisha.

Kwa upande wa wenye ruta, haikuwa hata imeanza. Miezi mitatu baadaye, ruta kwa makumi ya maelfu nchini Brazil zilianza kupenyeza kwenye kurasa za watu programu ya kuchimba sarafu za kidijitali, ikila nguvu za kompyuta zao kwa faida ya mwizi. Wimbi hilo lilienea hadi ruta zaidi ya 200,000 duniani. Septemba 2018 watafiti wa kampuni ya China ya Qihoo 360 walichunguza ruta za aina hiyo milioni 1.2 wakakuta 370,000 bado zina tobo lile lile, miezi mitano baada ya dawa kutolewa bure. Kati ya hizo, zaidi ya 7,500 zilikuwa zikimpelekea mgeni nakala ya mawasiliano yanayopita ndani yake.

Mwaka huo huo alijitokeza mtu mmoja wa lugha ya Kirusi aliyejiita Alexey. Alidai ameingia mwenyewe kwenye ruta zaidi ya 100,000 za watu asiowajua, akawafungia mlango wa nje, akaacha ujumbe wa kueleza alichofanya na namna ya kumpata. Kwa maelezo yake, ni watu wapatao 50 tu waliomwandikia. Wachache walishukuru, wengi walikasirika. Nimejiuliza mara nyingi: angeingia kwangu Machi 2019 akanifungia mlango, ningemshukuru? Nadhani ningekasirika. Kuingia nyumba ya mtu bila hodi ni kosa hata kama umekuja kumfungia dirisha. Lakini faranga 900,000 za yule mama zingekuwa salama.

Lililonigusa zaidi lilikuja mwaka 2021. Septemba mwaka huo kampuni kubwa ya Urusi, Yandex, ilishambuliwa na jeshi la mashine zilizotekwa lililopewa jina la Mēris. Maombi yaliyomiminika kwenye mitambo yake yalifikia karibu milioni 22 kwa sekunde moja. Nyingi ya mashine hizo zilikuwa ruta za MikroTik. Watu walidhani limepatikana tobo jipya. Kampuni ikaeleza kwamba, kwa kadiri ilivyoona, hizo zilikuwa ruta zile zile zilizotekwa mwaka 2018. Baadhi ya wenyewe walikuwa wamesasisha programu, wakapumzika, lakini hawakubadilisha neno la siri wala kukagua yaliyoachwa ndani. Ufunguo ulioibwa mwaka 2018 ulifungua mlango mwaka 2021.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mzee na pini yake.

Kwa nini mwizi aje Rusumo?

Wateja wengi waliniuliza hivyo: sisi ni nani hata mtu wa mbali atutafute? Jibu ni kwamba hatafuti mtu. Programu yake inazunguka dunia nzima ikibisha hodi kwenye kila namba, usiku na mchana, na pale mlango unapofunguka inaingia. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa mamia ya maelfu kwa njia nyepesi ajabu: ilibeba orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60, ikayajaribu moja baada ya jingine. Haikuhitaji ujanja mwingine.

Matokeo yake yalifika Afrika. Mwishoni mwa mwaka huo Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, alilipwa ili aishambulie kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia kwa kutumia mashine za aina hiyo, akavuruga huduma za wateja wake. Novemba 2016 hiyo hiyo, jaribio lake la kuteka ruta zaidi liliwaacha wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani wakihangaika na intaneti. Januari 2019 mahakama ya Uingereza ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na miezi minane. Mama mwenye kamera ya dukani na baba mwenye ruta ya sebuleni walikuwa askari wa vita hiyo bila kujua.

Na wapo wanaotafuta mtu maalumu. Machi 2018 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilitangaza kugundua kazi ya upelelezi iliyoitwa Slingshot, iliyodumu tangu mwaka 2012 hivi. Waathirika waliobainika walikuwa kama 100, wengi wakiwa Kenya na Yemen, na wengine katika nchi zikiwamo Tanzania, Kongo na Somalia. Njia yake ilikuwa ruta: faili lenye sumu liliwekwa ndani ya ruta, na msimamizi alipoifungua kwa kompyuta yake ili aipange, sumu ikahamia kwenye kompyuta. Mtambo wa kumlinda ulimgeuka yeye mwenyewe. Kampuni ya ruta ilibadilisha programu yake ili jambo hilo lisiwezekane tena.

Mambo ya kufanya

Kwa mwenye duka, mwenye nyumba ya wageni, au aliyefunga intaneti nyumbani, haya ndiyo mzee aliyonifanyisha, nami nimekuwa nikiyafanya kwa wengine tangu hapo.

Kwanza, geuza ruta uone jina na namba ya toleo lake, kisha tafuta kwenye ukurasa wa kiwanda kama bado kinatoa marekebisho kwa toleo hilo. Kama kinatoa, yaingize, na uchukue ya kiwandani tu, usikubali ya kupewa kwenye kidude cha rafiki. Kama kimeacha, ruta hiyo imekufa hata kama taa zake zinawaka. Mei 2025 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walitoa onyo kuhusu ruta za namna hiyo, kwamba wahalifu wanaziteka na kuwakodisha wengine ili wajifiche nyuma ya anwani ya mwenye nyumba. Ukishtakiwa kwa jambo lililotoka kwenye anwani yako, utamwambia nini mpelelezi?

Pili, kama una shaka kwamba mtu alishaingia, usisasishe peke yake. Rudisha ruta kwenye hali ya kiwandani kwa pini, ukiwa umechomoa waya wa intaneti, kisha uipange upya. Iulize kampuni ya intaneti tarakimu zake kwanza, usije ukabaki gizani.

Tatu, badilisha neno la siri la kuisimamia ruta. Hili ni tofauti na lile la waifai unalowapa wateja, na watu wengi huyachanganya. Libadilishe na la waifai pia.

Nne, funga mlango wa kuisimamia kutoka nje. Mwenye duka hana haja ya kuipanga ruta yake akiwa Kahama.

Tano, tazama orodha ya watumiaji na kazi zilizopangiwa saa. Usichokijua, kiulizie. Halafu andika tarakimu za daftari la anwani kwenye karatasi na kuzilinganisha kila Jumatatu.

Sita, mwambie kila aliyetumia mtandao huo abadilishe maneno yake ya siri, akiwa kwenye mtandao mwingine. Hatua hii haiandikwi katika kitabu cha maelekezo ya ruta, na ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Wanaonunua ruta za mitumba nao wawe macho. Zinauzwa kwa bei nafuu pamoja na chaja na redio, na nyingine zinakuja na mipangilio ya mwenyewe wa kwanza. Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, sheria inakataza kuuza kifaa cha intaneti chenye neno la siri moja kwa wote, na inamtaka mtengenezaji aseme ataendelea kukirekebisha hadi lini. Kifaa kilichouzwa kabla ya hapo hakina ahadi hiyo. Kabla hujatoa fedha, uliza: hiki bado kinarekebishwa na kiwanda? Muuzaji asipojua, nenda kwenye ukurasa wa kiwanda ukaangalie mwenyewe.

Karatasi ukutani

Hatua hiyo ya sita niliifanya Agosti 2019. Niliandika tangazo kwa mkono, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, nikalibandika mlangoni: aliyefungua barua pepe hapa kati ya Machi na Julai abadilishe neno la siri, na achunguze kama kuna malipo aliyoelekezwa kwenye akaunti mpya. Mke wangu alisema tutafunga duka. Wiki ya kwanza wateja walipungua hadi nikawa nacheza karata na kijana wa mashine ya kurudufu. Wapo waliokwenda kwa jirani na hawajarudi hadi leo. Lakini watu wanne walikuja kusema nao walikuwa wakikataliwa mara ya kwanza na kukubaliwa mara ya pili, na mmoja wao, muuza vitenge, alikuwa na barua ya akaunti mpya ambayo hakuwa ameilipa bado.

Yule mama hakunidai. Nilianza kumlipa mwenyewe, kidogo kidogo, na nilimaliza mwaka 2021. Alipokea kila mara bila kuhesabu mbele yangu. Tajiri wa Kahama naye alimpunguzia bei kwenye mizigo miwili iliyofuata, akisema msiba wa mteja ni wa muuzaji pia.

Bado anafungulia barua zake kwangu. Kompyuta ni mpya, saa zake ni sahihi, na onyo likitokea tunasimama na kulisoma pamoja. Ile karatasi ya tarakimu imechakaa nikaandika nyingine. Lakini ankara ikija, hata iwe imetoka kwenye anwani ile ile ya miaka yote, mama hatoi faranga hata moja kabla hajatoa simu yake kwenye kanga.

"Ngoja kwanza mwanangu," husema, "nimpigie nimsikie sauti."